Majeruhi akiwa wadini: kuzuia bakteria sugu wasimfikie

Mtu akiangushwa na bodaboda Thika Road, kidonda kikatunga usaha wiki moja baadaye akiwa wadini, jamaa hulaumu vumbi la barabarani. Mara nyingi vumbi linasingiziwa. Wanajeshi wa Marekani waliojeruhiwa Iraq kuanzia 2003 waliandamwa na bakteria sugu kwa dawa nyingi aitwaye Acinetobacter baumannii. Udongo wa jangwani ukalaumiwa, lakini wachunguzi wakamkuta kwenye hospitali za uwanja wa vita zilizowatibu. Kwenye reli kavu ya kitanda huweza kuishi wiki kadhaa, akingoja mkono wa kumbeba.

Basi anza na mikono. Jaza sanitaiza kiganjani, kama mililita 3, si tone. Sugua sekunde 20 hadi 30: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, kisha ncha za vidole. Gumba na ncha ndizo husahauliwa, nazo ndizo zinazomshika mgonjwa. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, tumia maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Nawa kabla ya kumgusa, na tena ukiishagusa kitanda chake hata kama yeye hukumgusa. Ukipokea simu ukiwa unamlisha uji, nawa upya. Glavu hazikusamehi.

Beseni na taulo ni vyake peke yake, wala usiketi kitandani kwa jirani.

Sista akikuruhusu kupangusa kabati la mgonjwa, ondoa uchafu kwa maji ya sabuni kwanza, kwa sababu uchafu hula nguvu ya klorini. Suuza, kisha paka jiki: chupa ikiandikwa 3.5%, kipimo kimoja kwa sita vya maji hutoa 0.5%. Acha dakika 10. Changanya mpya kila siku, na usiitie asidi wala dawa ya choo, itatoa gesi ya sumu.

Mipira inayoingizwa mwilini ndiyo mlango mkubwa wa bakteria. Daktari akipita asubuhi, muulize: "Mpira wa mkojo bado unahitajika? Na wa dripu?" Kila siku ya ziada huongeza hatari. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu. Kosa hutokea mgonjwa akipelekwa eksirei: mfuko unalazwa tumboni, mkojo wa jana unarudi ndani.

Kidonda kikianza kunuka au homa ikipanda, uliza kama sampuli imechukuliwa kabla ya kuanza au kubadilisha antibiotiki. Kidonda kisafishwe kwanza, ndipo sampuli ichukuliwe. Usaha wa juujuu huonyesha vijidudu vinavyokaa kwenye ngozi tu. Majibu huchukua siku 2 hadi 3. Kwenye karatasi, herufi R mbele ya dawa ina maana bakteria anaihimili. Ila bakteria akionekana na mgonjwa hana homa wala usaha, daktari anaweza kuacha kumpa dawa, na yuko sahihi: si kila bakteria aliyepo anashambulia. Usikimbilie duka la dawa. Kolistini, mojawapo ya dawa za mwisho, huumiza figo, hivyo akipewa, uliza vipimo vya figo na kiasi cha mkojo kila siku.

Akihamishiwa hospitali nyingine, karatasi hiyo ya majibu iende naye mkononi mwa wahudumu wa ambulensi, na wadi inayompokea ijulishwe mapema ili imtengee kitanda na vifaa vyake kabla hajafika.