Kukodi baiskeli Karura: usiondoke getini kabla hujaikagua

Karibu kila wikendi naona kitu moja pale msitu wa Karura, Nairobi, na inaniuma. Watu wanafika wamechangamka, wanalipa, wanashika baiskeli ya kwanza yenye rangi nzuri na kuondoka mbio kama wanafukuzwa, halafu dakika ishirini baadaye unawapata kando ya njia, mmoja cheni imetoka na mikono imejaa grisi, mwingine anasukuma mlima huku magoti yanamuuma, na hapo siku ishaharibika. Msitu hauna makosa. Shida ilianzia pale getini, kwa zile dakika tano ambazo hawakuzitumia. Sasa hii nawaandikia hao, na wewe ambaye hujawahi kukodi baiskeli Nairobi na unataka tu siku moja ya kuzunguka polepole, bila mashindano na mtu.

Kwanza kufika. Karura ni msitu wa hekta elfu moja na kidogo, uko hapo katikati ya Muthaiga, Gigiri, Runda na Kiambu Road, yaani huhitaji gari la mtu wala safari ya kupanga wiki nzima. Limuru Road imeukata vipande viwili, upande mkubwa ndio wenye maporomoko na mapango, upande mdogo ndio Sigiria. Mimi huingilia geti ya Limuru Road juu matatu za Ruaka na Banana zinapita hapo hapo, unamwambia makanga akushukishe Karura na anajua. Ukitokea Kiambu Road kuna geti pia, hiyo watu wengi huiita Sharks.

Fika mapema. Saa mbili asubuhi ni poa sana, juu baiskeli nzuri huenda na waliotangulia, na Jumapili ikifika saa tano utabaki kuchagua kati ya zile tatu zilizokataliwa na kila mtu. Ka unaweza kutoroka kazi siku ya Jumanne ama Jumatano, fanya hivyo, utapata msitu umetulia hadi unasikia tairi zako kwa kokoto. Na uangalie mvua. Kati ya Machi na Mei mvua ndefu ikinyesha usiku kucha, ule udongo mwekundu hushika kwa tairi kama unga wa ugali, unajaa kwa breki hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Ngoja siku moja mbili jua lipige kwanza. Julai ni baridi na manyunyu, lakini kwa kuendesha naipenda kuliko Februari, beba tu jaketi nyepesi.

Simu iwe na pesa na chaji. Kiingilio cha msitu ni kivyake na baiskeli ni kivyake, na baiskeli hulipiwa kwa masaa, kwa hivyo kabla hujalipa uliza maswali matatu: saa zinaanza kuhesabiwa lini, nikichelewa naongeza ngapi, na nikipata panja huko ndani nani anashughulikia. Uliza kwa upole tu, wale vijana wa baiskeli wanajibu vizuri ukiwasalimia kwanza. Beba kitambulisho pia, sehemu nyingi watakuomba ukiache. Halafu piga picha ya baiskeli yenyewe kabla ya kuondoka, pande zote mbili, ili mkwaruzo wa jana usikuwe wako.

Sasa tuje kwa baiskeli, na hapa naomba usiharakishe.

Kuna mahali nilikodi miaka kadhaa iliyopita, nikapanda bila kujaribu breki juu marafiki walikuwa washatangulia na sikutaka kuachwa. Mteremko wa kwanza nikavuta breki ya nyuma, kile kishikio kikaja chote hadi kikagusa usukani na baiskeli haikupunguza hata kidogo, nikashtuka nikashika ya mbele kwa nguvu yangu yote, gurudumu la mbele likasimama na mimi nikapita juu ya usukani. Kiwiko kina alama hadi leo. Tangu siku hiyo nafanya hivi, kila mara, hata foleni iwe ndefu aje: nashika breki ya mbele nasukuma baiskeli mbele, gurudumu la nyuma linafaa kuinuka kidogo. Nashika ya nyuma nasukuma tena, gurudumu linafaa kukwama na kuburutwa chini. Kwa kufanya hivyo unajua pia ni mkono upi una breki gani, juu baiskeli zingine mbele iko kulia na zingine iko kushoto, na hiyo si kitu ya kujifunza ukiwa katikati ya mteremko. Ukishuka tumia zote mbili, polepole, ukianza mapema.

Baada ya breki, inua gurudumu uzungushe. Likiyumba na kusugua breki upande mmoja, rimu imepinda, acha hiyo. Finya tairi na kidole gumba, inafaa kuingia kidogo sana. Ikiwa ngumu kabisa kokoto zitakurusha, ikiwa laini utapata panja kwa mzizi wa kwanza. Cheni iwe na mafuta, isiwe na kutu, na ukizungusha pedeli nyuma ikwende bila kuruka. Ukipata tatizo sema tu, "Boss, hii haishiki, nibadilishie." Hakuna ubaya hapo, na yeye pia hataki kukufuata msituni na pampu.

Kitu inayosahaulika zaidi ni kiti. Mwaka jana nilimpeleka mamangu mdogo, alikuwa ametoka Mombasa kututembelea na mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa msichana. Alikuwa anataka kiti kiwe chini kabisa ili miguu yake miwili ikanyage chini, na hivyo ndivyo karibu kila mtu mwenye woga hutaka. Yule kijana akamwambia, "Mama, panda nikushikie, weka kisigino kwa pedeli." Akaizungusha ile pedeli hadi chini kabisa, akaangalia goti la mamangu, limepinda sana. Akafungua ile skrubu, akapandisha kiti kwa upana wa vidole vitatu, akakaza. "Jaribu tena." Sasa kisigino kikiwa chini kabisa kwa pedeli mguu umenyooka, na ukirudisha ile sehemu pana ya wayo kwa pedeli, goti linabaki na mkunjo mdogo tu. Hicho ndicho kipimo, hakuna kingine. Kiti kikiwa chini unasukuma na magoti peke yake, na mlima wa pili utayasikia. Kwa mtu mwenye woga sana teremsha kidogo kwa dakika kumi za kwanza, mzunguke pale pale karibu na geti, halafu simameni mpandishe.

Helmeti chukua, na ivae iwe imelala sawa kwa paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, si kule nyuma ya kisogo kama kofia ya Ijumaa. Ukitikisa kichwa isicheze. Wenye nywele za kusukwa bebeni kitambaa chepesi cha kuvaa ndani.

Gia nazo zinaogopesha watu bure. Kumbuka tu, kwa yale meno ya nyuma yanayobeba cheni, duara kubwa ni gia nyepesi na duara dogo ni gia nzito. Badilisha ukiwa bado unaona mlima mbele, sio ukishaingia na umesimama kwa pedeli, juu hapo ndipo cheni hutoka. Punguza nguvu za mguu kidogo wakati unabadilisha, uiskie imeshika, ndio uendelee. Ikitoka usiivute kwa hasira: sukuma ile mkono wa nyuma unaokaza cheni uende mbele ili cheni ilegee, irudishe kwa meno machache ukitumia vidole, halafu inua gurudumu la nyuma uzungushe pedeli taratibu, inajipanga yenyewe.

Pale getini kuna ramani, piga picha. Ndani njia nyingi zinafanana, murram nyekundu na miti, lakini kwa makutano kuna nguzo zenye namba, kwa hivyo ukipotea angalia namba uliyopo, tafuta kwa picha, basi. Ukimpigia mtu simu kusaidiwa mpe hiyo namba pia, itamsaidia kuliko kumwambia uko karibu na mti mkubwa.

Kwa siku ya kwanza usijipangie kuzunguka msitu wote. Jipe masaa mawili au matatu, na uweke kituo kimoja cha maana. Mimi hupeleka wageni kwa maporomoko, maji yanashuka kama mita 15 hivi, na si mbali na hapo kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakijificha. Lakini ile njia nyembamba ya kando ya mto ni ya miguu, unaacha baiskeli juu na kufunga, kwa hivyo ulizia kufuli wakati unakodi. Na kumbuka kila mteremko wa kwenda mtoni utaulipa ukirudi. Mamangu mdogo alishuka akicheka, tulipogeuka akasimama katikati ya mlima akashika kifua, "Mwanangu, hebu nivute pumzi, huku kwenu hewa haitoshi." Alikuwa na haki. Nairobi iko juu ya mita 1,600, mtu aliyetoka pwani juzi mapafu yake hayajazoea, hata akiwa na nguvu aje. Msimharakishe. Tulisukuma pamoja hadi juu tukipiga stori, tukakaa kwa gogo tukala ndizi, na ile nusu saa ndiyo anayoisimulia hadi leo.

Chakula kikitoka tu kwa mfuko, kima watakuja. Usiwape, hata yule mdogo anayekuangalia hivyo, juu akishazoea mikono ya watu atampora mtoto wa mwingine chakula kesho. Inua macho pia: kuna mbega, wale weusi wenye mkia mweupe mrefu, waliletwa kutoka Kipipiri kurudishwa hapa, na hukaa juu sana kwa miti. Ukisimama kimya na baiskeli umeilaza chini utawaona wakiruka. Maji bebea kwa chupa ya chuma ama ile ngumu ya kutumia tena, plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku kwa misitu na mbuga tangu tarehe 5 Juni 2020.

Ukiwa njiani, anayetembea kwa miguu ndiye mwenye haki. Kuna wakimbiaji wengi, wazee wanatembea na mbwa, watoto wanaokimbia bila kuangalia. Ukikaribia kutoka nyuma punguza, piga kengele mara moja au sema "habari, napita kulia," na ukipita sema asante. Kona usizoziona mwisho wake, shika breki kabla. Na usikate njia kupitia vichakani hata ukiona ni fupi. Pale kando kuna miche ya miti ya kienyeji, mihugu na mingine, iliyopandwa mahali palipokuwa na mikaratusi, na tairi moja inatosha kuvunja mche wa miaka miwili. Huu msitu karibu ugawanywe viwanja vya kujenga. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikuja kupanda miti hapa wakavamiwa na wanaume waliokodishwa, yeye akaumizwa kichwani. Ndio maana nikimwona kijana anaruka na baiskeli juu ya miche ili apigwe picha nasimama namwambia, na wengi wakielezwa vizuri wanashuka.

Usitoke na baiskeli ya kukodi hadi Limuru Road, hata ka ni kununua soda ng'ambo. Matatu hapo hazikuoni, na ukigongwa ama iibiwe hayo ni mambo yako.

Anza kurudi nusu saa kabla ya muda wako kuisha, juu mlima wa mwisho huwa mrefu kuliko ulivyoukumbuka. Ukifika kung'uta matope kwa cheni na breki na kijiti, na umwambie yule kijana ukweli wa baiskeli: gia ya tatu inaruka, breki ya nyuma imelegea, tairi ya mbele inapoteza upepo. Mwambie ukiwa umeshika hiyo sehemu kwa kidole ili aione, na ungoje hadi aiweke kando na zile za kutengenezwa, juu ukiiegemeza tu pale na zingine, mtu wa saa nane ataipanda vile ilivyo.