SOMO: Morali ya kuandika programu imekata? Anzia hapa

Habari za jioni wakuu, na shikamoo kwa waliotutangulia. Somo hili ni kwa yule anayefungua laptopu, anaangalia faili za mradi kama dakika kumi ivi, alafu anaifunga anashika simu. Mimi ilinikuta mwaka jana ikakaa miezi mitatu. Nilikuwa namtengenezea mteja mmoja hapa mjini Mwanza mfumo wa stoo, kila wiki anaongeza kitu kipya na malipo yako palepale, mpaka ikafika hatua nikiona tu jina lake kwenye simu tumbo linakaza. Asubuhi napanda daladala Igoma naenda kukaa mahali penye umeme wa uhakika, jioni narudi sijaandika hata mstari mmoja, na nyumbani wananipa pole na kazi. Ile pole iliniuma sana.

Kabla hatujaanza shika jambo moja: usisubiri morali irudi ndio uanze kazi. Inakukuta ukiwa umeshaanza, tena kazi ndogo, na hasa ukimuona mtu anaitumia.

HATUA YA 1: Jua ni nini kimekukwamisha
Wote tunasema "sina mzuka" lakini vitu vyenyewe havifanani. Kuna aliyechoka, yaani mwili na akili vimekwisha. Uchovu wa kazi sio kisingizio, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuingiza kwenye orodha yake ya magonjwa na hali za afya kama hali inayotokana na kazi, na halikuuita ugonjwa. Huyu dawa yake ni kupumzika kwanza. Waangalie wavuvi wetu wa dagaa, wanavua usiku kwa taa, mwezi ukiwa mkali taa haivuti dagaa, kwaiyo siku za mbalamwezi mitumbwi iko ufukweni watu wanashona nyavu wanalala, na hakuna anayewaita wavivu. Wewe unataka uvue mwezi mzima bila kushona wavu.

Kuna mwingine hajachoka kabisa, kuna kosa moja kwenye programu yake limemshinda na anaona aibu kulirudia. Na wa tatu ni kama nilivyokuwa mimi, kazi yenyewe imepoteza maana. Andika kwenye karatasi wewe ni yupi, maana ukitumia dawa ya mwenzio utapoteza wiki nyingine.

HATUA YA 2: Kama ni kosa, lipunguze
Usilikodolee macho lote. Kama unatumia Git, ile programu inayokutunzia kila toleo la kazi yako, kuna amri ya git bisect ambayo wengi hawaigusi. Unaiambia toleo lile la zamani lilikuwa zima, hili la leo ni bovu, inakupeleka katikati, unajaribu, unaijibu zima au bovu, inakata tena nusu. Mabadiliko 1,000 unayamaliza kwa majaribio kama 10. Muhimu ni kwamba unapata kitu cha kufanya na mikono badala ya kukaa unajilaumu.

HATUA YA 3: Funga video za mafunzo
Hapa sitazunguka. Ukimaliza video ya nne unajisikia umefanya kazi na hujafanya. Wiki mbili usiangalie hata moja.

HATUA YA 4: Tafuta mtu mmoja, mtengenezee kitu kimoja kidogo
Hii ndio iliyonitoa mimi shimoni kwaiyo nivumilieni nitaongea kidogo.

Mama yangu mdogo anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba. Siku moja nilienda kumsaidia kubeba mzigo, nikamkuta amekaa juu ya gunia na daftari lake la madeni, lile la kurasa nyingi, limelainika kwa unyevu na linanuka dagaa, anapitisha kidole mstari kwa mstari anatafuta nani anadaiwa muda mrefu. Wa Sengerema magunia mawili, wa Geita moja, kuna walioandikwa kwa penseli, kuna majina yamezungushiwa duara. Ilimchukua karibu saa nzima. Nikamuomba nipige picha zile kurasa.

Usiku ule nikaandika kwa Python (lugha ya kuandikia programu) na SQLite (ya kuhifadhia taarifa kwenye faili moja) kitu cha kitoto kabisa, mistari kama arobaini, unaingiza jina, tarehe na kiasi, inakutolea orodha kuanzia deni la zamani. Hakuna intaneti, hakuna kuingia kwa nywila, hakuna rangi. Kesho yake nikampelekea. Akavaa miwani, akasoma kimyaaa, alafu akaweka kidole kwenye kioo akasema, "Mwanangu huyu wa kwanza alishalipa, si nimemzungushia duara."

Jamani. Miezi mitatu mteja wa stoo ananitumia makosa hamsini na sikusisimka, huyu mama kanionyesha moja tu nikarudi nyumbani mbio. Nilikuwa nimeingiza majina yote sikujua duara ni alama ya kulipa. Usiku huohuo nikaongeza sehemu ya waliolipa, nikaangalia saa ni saa nane usiku na sijasikia hata usingizi.

Kwaiyo tafuta wa kwako. Fundi cherehani, mwenye kibanda cha chipsi, katibu wa kikoba, mwalimu anayejumlisha alama kwa mkono. Sharti awe mtu unayeweza kumfuata kwa miguu, na kitu kiishe ndani ya siku tatu. Usimuahidi apu, mwambie tu nataka nikupunguzie hiki kimoja.

HATUA YA 5: Dakika 25, na uache mlango wazi
Weka saa dakika 25 alafu pumzika 5, mtindo huu aliuanzisha Muitaliano Francesco Cirillo miaka ya mwisho ya 1980 akiwa mwanafunzi anayehangaika kusoma. Siku mbaya fanya mzunguko mmoja tu. Ila mimi naongeza kitu: usifunge laptopu bila kuandika juu ya faili mstari mmoja wa kesho, kwa mfano "kesho: jumla ya deni ikiwa sifuri isionekane". Asubuhi hutafuti pa kuanzia. Na kwa hizi kukatika za umeme na bando kuisha, pakua nyaraka za Python uziweke kwenye mashine, zinapatikana bure, usije ukatafuta jibu moja mtandaoni ukaibukia kwenye video za mpira.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Nyegezi: Kaka somo zuri, ila siku hizi akili bandia inaandika yote hayo kwa dakika moja, mimi hicho ndio kimenikata stimu. Kuna haja gani?
Jibu: Nakuelewa mdogo wangu, na mimi naitumia. Ile mistari arobaini ingeandika haraka kuliko mimi, sibishi. Lakini isingekuwepo Mwaloni, na la duara ilibidi mtu aende akaambiwe. Jaribu hatua ya 4 hata kama itakusaidia kuandika, uone kama stimu haitarudi.

Dada wa Buswelu: Nina mtoto wa miezi saba, dakika 25 mfululizo sizipati. Nifanyeje?
Jibu: Pole dada na hongera kwa malezi. Fanya 10. Na kwako ule mstari wa kesho ni muhimu kuliko kwa mtu yeyote hapa, maana mtoto akilia katikati unaacha na unajua utarudia wapi. Usijilinganishe na sisi tunaokesha.

Mwanachama mpya: Shikamoo mwalimu. Mimi sio kazi tu, hata chakula hakipiti, usingizi sina, huu mwezi wa pili.
Jibu: Marahaba. Mdogo wangu hilo halihusiani na hatua zangu, usizifuate kwa sasa. Nenda hospitali, mwambie daktari hivyohivyo ulivyoniandikia, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani leo. Nakuandikia pembeni sasa hivi, naomba unijibu.

Fundi wa Kirumba: Yule mteja wa stoo iliishaje mkuu?
Jibu: Nilimfuata, nikamwandikia orodha ya tulichokubaliana mwanzo na alichoongeza, nikasema nyongeza zina bei yake. Akakasirika, baada ya wiki akachagua mbili akalipia. Nilimalizia nikakabidhi.

Mdau wa Nyegezi: Na mama mdogo bado anaitumia?
Jibu: Anaitumia, na daftari hajaliacha. Jumamosi kaniambia anataka ionyeshe na namba za simu za wadaiwa, ndio nimeufungua mradi hapa naiweka.