Shoo ya kuchu inayoongozwa na walemavu wenyewe: hatua kwa hatua, kuanzia wazo mpaka tangazo

Nimetoka kusaidia kikundi cha watu sita kuandaa shoo yao ya kwanza ya kuchu (yaani sisi mashoga, wasagaji, trans na wenzetu), yenye mashairi na dragi, ile sanaa ya kuvaa na kuigiza jinsia stejini kwa madoido, wanne kati yao wana ulemavu, na maswali waliyoniuliza ni yaleyale ninayoulizwa kila mara, basi naandika yote hapa ili nikiulizwa tena nitume tu. Mimi natembea kwa magongo na napanda stejini, kwa hiyo haya nimeyaishi pande zote mbili.

Hatua ya 1: Nani ana neno la mwisho

Kabla ya ukumbi, kabla ya bango, amueni nani anaongoza. Kama mlemavu ameitwa "kutoa ushauri" wiki moja kabla ya shoo, hapo mmeshachelewa, maana skripti imeshafungwa na hela imeshaisha. Mkurugenzi au angalau mmoja wa wakurugenzi awe mwenye ulemavu, alipwe kama mkurugenzi, na akisema kitu kitoke kitoke. Kama kuna mtu kwenye timu anasema haijawahi kufanyika, mwambieni Sins Invalid, kundi la sanaa za jukwaani kule Marekani, wameanza 2005, walemavu wasio wazungu wakiwa ndio viongozi na wasanii kuchu wakipewa kipaumbele, na Drag Syndrome ya Uingereza, tangu 2018, ni wasanii wa dragi wenye Down syndrome, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, ambao wanajaza kumbi.

Hatua ya 2: Karatasi ya mahitaji

Kila msanii aandike anachohitaji ili afanye kazi vizuri: mapumziko, kiti, mtu wa kumsindikiza chooni, dawa saa ngapi, asiguswe wapi. Ukurasa mmoja unatosha. Kiongozi aanze kuandika yake, wengine wataacha kuogopa.

Hatua ya 3: Ukumbi, na uanzie nyuma ya steji

Watu wengi wanakagua mlango wa watazamaji wanasahau msanii naye anatumia kiti cha magurudumu. Pima urefu wa steji. Rampu salama ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 10 za kupanda unahitaji sentimita 120 za mbao, kwa hiyo steji ya sentimita 60 inataka rampu ya mita 7.2, na ukumbi mwingi hauna nafasi hiyo. Mimi siku hizi naacha steji kabisa, tunacheza sakafuni na watazamaji wanakaa kuzunguka. Kumbeba msanii juujuu mbele za watu sikubali hata kama yeye amesema sawa, kwa sababu mara nyingi anasema sawa ili shoo isivunjike.

Hatua ya 4: Maelezo kwa wasioona

Hapa kaa chini, hapa ndipo mimi nilipoteza siku nzima na karibu nimpoteze rafiki.

Kazi yenyewe: mtu anaongea kwenye maiki ndogo, wasioona wanamsikia kwenye hedifoni, anaeleza kinachoonekana stejini. Tatizo ni kwamba kwenye shoo ya kuchu kinachoonekana ndicho kinachobishaniwa. Mara ya kwanza tuliweka msimulizi mwenye sauti nzuri sana, hakuwa kuchu, tukampa video ya mazoezi akaandika mwenyewe. Msanii wetu kwenye namba ile, yaani kipande chake cha shoo, anaanza na suti anamaliza na shela. Msimulizi akaandika "mwanamume aliyevaa kama mwanamke, anaolewa". Msanii aliposomewa alinyamaza, akavua wigi, akatoka, na mazoezi yakaishia pale.

Tulikaa mpaka usiku kurekebisha na ndipo nikaona tulichokuwa nacho mkononi. Kiswahili hakina jinsia kwenye kitenzi! Anatembea, anageuka, amevua, hakuna anayejua ni nani mpaka wewe umwambie. Wenzetu wanaoandika Kiingereza wanahangaika na kiwakilishi kila sentensi, sisi tunaweza kumaliza namba nzima bila kumfunga mtu popote. Ila kuna mitego. Kuoa na kuolewa ni mtego mkubwa, maana "anaolewa" imeshamaliza kesi, tukabadilisha ikawa "anafunga ndoa". Binti, bwana, dada, kaka, bi harusi, hayo yote usiyatumie mpaka msanii ameyachagua mwenyewe, na akiyachagua yatumie bila kupunguza. Yule wetu mwishowe alitaka "bi harusi" kwenye sekunde kumi za mwisho tu, kabla ya hapo hapana, na wale wasioona wakalipata lile badiliko pale pale ukumbi mzima ulipoliona.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni huu, na siubadilishi: msanii anajieleza mwenyewe kwanza, mwili wake, rangi ya ngozi, ulemavu wake kama unaonekana, nguo, nywele, unamrekodi, na maneno yake ndiyo skripti. Usiruke ulemavu kwa kudhani unamstahi, gongo langu lina shanga nyekundu na nataka zitajwe. Halafu mtu asiyeona, anayelipwa, anasikiliza mazoezi bila kuelezwa kitu kingine na anasema wapi alipotea. Halafu ndiyo unapanga muda, maneno yaingie kwenye mapengo ya wimbo yasiufunike, na ukikosa nafasi eleza nguo kabla wimbo haujaanza. Rekodi iliyotengenezwa mapema siipendi, msanii akichelewa sekunde tano kila kitu kinapishana, bora mtu aongee palepale. Na kabla ya milango kufunguliwa waalike wasioona waje washike wigi, viatu, kitambaa cha shela.

Ukiwa na muda fanya maelezo yenyewe yawe sanaa. Kinetic Light, kundi la wacheza dansi walemavu, wametengeneza programu ya simu iitwayo Audimance ambapo msikilizaji anachagua kati ya sauti kadhaa, kuna ya maelezo, kuna ya mashairi, kuna ya miili yenyewe ikigusa sakafu. Sisi hatukuwa na hiyo ila tulimpa msanii mwenzake amsimulie kwa umbea, ikawa tamu kuliko msimulizi wa kawaida.

Hatua ya 5: Lugha ya alama

Wakalimani wawili, wapokezane kila dakika 20 hivi. Wape mashairi ya nyimbo mapema, na tafsiri aiongoze msanii kiziwi. Wasimame kwenye mwanga karibu na msanii. Uliza wazi kama wanaheshimu kuchu na kama watatafsiri matusi kama yalivyo, na siri ni muhimu sana, jamii ya viziwi ni ndogo, wanajuana.

Hatua ya 6: Taa, moshi, simu

Taa za kumetameta zima. Hata kuonya haitoshi, mwenye kifafa ukimwonya umemwambia tu abaki nyumbani. Mkishindwa kabisa isizidi mimweko 3 kwa sekunde. Mashine ya moshi hapana, kuna watu wa pumu.

Simu je? Shoo zetu nyingi zinakataza simu ili watu wasipigwe picha, na ni haki, lakini kuna anayesomea maandishi hapo, kuna anayeongea kwa simu kwa sababu haongei kwa mdomo. Suluhisho letu: mlangoni kila mtu anabandikwa stika ya kuziba kamera ya simu yake.

Hatua ya 7: Chumba cha utulivu

Giza kidogo, maji, mlango ambao haugongi. Kutoka na kurudi ruhusa, kelele za mtazamaji ruhusa.

Hatua ya 8: Tangazo

Yaandike yote haya kabla tiketi hazijaanza kuuzwa, pamoja na yaliyokosekana. Kama mahali mnapafichua kwa meseji tu, maelekezo ya njia kwa asiyeona yawe kwenye meseji hiyohiyo. Na kama choo hakipitiki na kiti cha magurudumu sema hakipitiki, toa upana wa mlango kwa sentimita, mtu aamue mwenyewe kabla hajalipa nauli.