Kabla ya kuvuka kwenda Mlimani: mambo ya kuzingatia kwa anayehamisha masomo ya biashara

Kila yanapotoka matokeo ya mwaka wa kwanza, wapo vijana wa Unguja na Pemba wanaosoma biashara katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, au katika Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu, ambao huanza kufikiria kuhamia Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mlimani, ambako ushindani wa nafasi ni mkubwa zaidi. Fikra hiyo haina kosa. Tatizo ni kwamba wengi huanza na jina la chuo, ilhali jambo la kwanza la kupima ni hili: ukihama, utaingia mwaka wa ngapi, na ni masomo mangapi kati ya uliyokwisha kufaulu yatakayohesabiwa huko uendako.

Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikijumlishwa za darasani, za semina na za kujisomea. Mwaka mmoja wa masomo huwa na krediti zipatazo 120, na shahada ya miaka mitatu huanzia krediti 360. Aliyemaliza mwaka wa kwanza bila kushindwa somo hata moja huona anazo 120 mkononi na kudhani kwamba atavuka nazo zote. Chuo kinachompokea hakitazami jumla hiyo. Kinatazama somo moja baada ya jingine, na kila somo hulinganishwa na la kwao kwa mada zilizofundishwa na kwa uzito wake wa krediti.

Tuchukue mfano wa uhasibu wa mwaka wa kwanza. Tuseme chuoni kwako uhasibu umefundishwa kama somo moja lililoanzia kwenye uwekaji wa kumbukumbu za hesabu na kuishia kwenye hesabu za mfanyabiashara binafsi na za ubia, na chuo unachokitaka kimeugawa katika masomo mawili, la pili likiingia katika hesabu za kampuni. Mkuu wa idara atakukubalia la kwanza na kukudai la pili. Ikiwa hilo la pili ndilo sharti la kusoma uhasibu wa mwaka wa pili, na linafundishwa katika muhula mmoja tu wa mwaka, basi pengo la somo moja linaweza kukurudisha nyuma mwaka mzima, pamoja na ada yake, kodi ya chumba na chakula chake. Hesabu ya aina hii inafaa ifanywe na mzazi na kijana wakiwa wamekaa pamoja na karatasi mbele yao, kabla fomu yoyote haijajazwa.

Ili hesabu hiyo iwezekane, unahitaji mihtasari ya masomo uliyosoma, na hapo ndipo wengi hukwama. Orodha ya majina ya masomo haitoshi, na transkripti, yaani karatasi rasmi ya alama zako, peke yake haitoshi pia, kwa sababu transkripti husema umepata B+ katika somo fulani lakini haisemi ulifundishwa nini. Omba muhtasari kamili wa kila somo, wenye mada, krediti, vitabu na namna ya kutahiniwa, ukiwa na muhuri wa idara. Mimi nilipohama nilibeba transkripti tu, nikiamini kwamba mengine yataulizwa kwa barua baina ya ofisi na ofisi. Nikaishia kumpigia simu binamu yangu kila asubuhi ili aende kukaa kwenye benchi nje ya idara niliyoiacha, na karatasi zilipofika muhula ulikuwa umeshaanza na masomo niliyoyataka nilikuwa nimeyakosa. Mihtasari huombwa ukiwa bado mwanafunzi wa pale, kwani ukishaondoka wewe ni mgeni kama wageni wengine.

Alama nazo zina maneno yake. Vyuo vyetu hutumia kipimo cha 5, ambapo daraja la kwanza huanzia wastani wa 4.4 na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Mwenye wastani wa 2.3 anayetaka kuhamia chuo chenye ushindani mkubwa ili akapate mwanzo mpya afahamu kwamba wastani huo ndio utakaomtangulia mlangoni. Kwake yeye muhula mmoja wa kujikaza pale alipo una faida kuliko maombi kumi. Uliza pia, na uombe jibu kwa maandishi, kama alama za masomo yatakayokubaliwa zitaingia katika wastani wa shahada yako au yataandikwa tu kwamba umeyakamilisha. Aliyefanya vizuri mwaka wa kwanza huumia sana anapogundua baadaye kwamba zile A zake hazikuhesabiwa.

Njia za kuhama si moja. Aliyedahiliwa mwaka huu huu na hajakaa sana huweza kuomba uhamisho katika kipindi ambacho Tume hukitangaza baada ya udahili. Kipindi hicho ni kifupi, na humfaa mwenye sifa za programu anayoitaka endapo nafasi ipo. Aliyekwisha kusoma mwaka au zaidi huomba kuhamisha krediti, na huyo ajue kwamba chuo kitakachomtunuku shahada hutaka sehemu kubwa ya masomo isomwe kwake, hivyo kuhama ukiwa mwaka wa mwisho ni kujisumbua bure. Njia ya tatu ni kuomba upya kwa matokeo ya Kidato cha Sita, ukaanza mwaka wa kwanza kama mtu asiyewahi kufika chuoni. Kwa njia hii soma mwongozo wa udahili wa Tume, ambao hutaja sifa za kila programu, na uangalie hasa sharti la hisabati, maana kuna waliofaulu vizuri masomo ya mchepuo wao wakazuiwa na hisabati ya Kidato cha Nne.

Kwa njia yoyote ile, usiandike barua ya kuacha chuo kabla ya kushika barua ya kupokelewa. Wazee walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, na ujumbe wa simu kutoka kwa rafiki kwamba "jina lako lipo" haujawa msala bado.

Mwenye mkopo ana kazi moja zaidi. Mkopo, uwe wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar au wa bodi ya Muungano, hutolewa kwa mwanafunzi aliyesajiliwa katika chuo na programu iliyotajwa, kwa hiyo bodi iarifiwe mapema na dawati la mikopo katika vyuo vyote viwili lipate nakala. Hata mambo yakienda sawa, jiandae kwa miezi kadhaa bila bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotokana na mkopo.

Lipo swali la lengo, ambalo nimeliweka huku kwa makusudi, kwa kuwa hujibika vizuri zaidi gharama zikishajulikana. Anayetaka kuwa mhasibu mwenye CPA, yaani cheti cha kitaaluma cha uhasibu, atafanya mitihani ile ile ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, awe ametoka kampasi ya SUZA ya Chwaka au Mlimani. Anayelenga biashara ya hoteli anaishi tayari mahali penye hoteli, na kuzifuata fursa za mafunzo kwa vitendo Dar es Salaam huku Nungwi na Paje ziko nyuma yake ni jambo la kulifikiria mara mbili. Kwa upande mwingine, anayetaka kubobea katika fedha au kufahamiana mapema na makampuni makubwa ana sababu nzuri ya kuvuka, kwani makao makuu ya benki nyingi na Soko la Hisa vipo huko.

Yaliyobaki ni ya safari. Mtu wa Pemba ahesabu vyombo viwili, kutoka Mkoani hadi Unguja na kutoka Malindi hadi Dar es Salaam, na kila jambo la ofisini lililosahauliwa lina nauli yake ya kwenda na kurudi. Chumba kitafutwe kabla ya wiki ya usajili, kwa sababu mabweni hayawatoshi wote. Cheti cha kuzaliwa, vyeti halisi vya Kidato cha Nne na cha Sita, kitambulisho, transkripti na ile mihtasari yenye mihuri viwekwe katika bahasha isiyopenya maji, na bahasha ikae mapajani mwako ndani ya boti, isipakiwe na mabegi mengine.