Kabla hujagusa seva inayochunga mtandao

Seva inayochunga mtandao, yaani kompyuta inayokagua vifaa vya mtandao kama viko hai, ndiyo yenyewe husahaulika kuchungwa. Iko konani, grafu zinachora, meseji inaingia ruta ya Ujiji ikizima, basi tunaridhika. Kumbe ndani yake mna pasiwedi za karibu kila kifaa. Mwaka 2022 Cacti, programu mojawapo ya kuchunga mtandao, ilikutwa na tundu lililomruhusu mtu asiye hata na akaunti kuendesha amri kwenye seva. Dawa ikaja na toleo la 1.2.23. Kwa hiyo toleo jipya likitoka, kabla ya kusasisha, soma kwanza limetibu nini. Kitufe kinachogoma kinaweza kungoja mwisho wa mwezi. Tundu la usalama halingoji, na kama ukurasa wako wa kuingilia unafunguka kutoka nje, ufunge leo hii, hata kabla ya kupakua chochote.

Kazi kubwa iko kwenye nakala ya akiba. Wengi hutoa mysqldump, yaani nakala ya hifadhidata, wakalala usingizi. Kwa Cacti hiyo ni nusu tu: hifadhidata ina majina ya vifaa na watumiaji, lakini historia ya grafu imo kwenye mafaili ya folda ya rra. Mimi nimelipia somo hilo. Nilirudisha seva ya ofisi moja hapa Kigoma mjini, vifaa vyote vikajitokeza kwa majina yake, grafu nyeupe pee. Ushahidi wote wa laini ya Kasulu, tuliokuwa tukibishania na mtoa huduma, ukawa umekwenda na maji.

Zabbix, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, historia yake imo humo humo kwenye hifadhidata, nayo huvimba. Pima nafasi ya diski kwa amri ya df -h kabla ya kuinakili. Ukipanda toleo kubwa, tuseme kutoka 6.0 kwenda 7.0, seva ikiwaka tu inaibadilisha hifadhidata, na kurudi nyuma ni kwa nakala pekee. Umeme ukikatika hapo katikati, umeumia. Basi ijaribu UPS, ile betri ya akiba, mapema: chomoa plagi ukutani, hesabu dakika. Usiamini taa ya kijani.

Paketi ya toleo jipya ipakue kwenye hazina rasmi ya watengenezaji, uhakiki saini yake ya kidijitali. Saini nayo ina mipaka: kwa Orion, programu ya kuchunga mtandao ya kampuni ya SolarWinds, mwaka 2020, ilibainika sumu ilitiwa huko huko kwa mtengenezaji, sasisho likatoka limesainiwa vizuri kabisa. Ndiyo maana seva hii isiachiwe kwenda kokote ipendako kwenye intaneti.

Kama una proksi ya Zabbix Kasulu, yaani seva ndogo inayokusanya taarifa za huko na kuituma seva kuu, panga nayo ipande siku hiyo hiyo.

Mwisho chukua karatasi, andika vifaa vinavyoonekana vyekundu, yaani vilivyozima, kabla hujaanza, kwa majina. Ukimaliza, zima swichi moja ya mtandao kwa makusudi uone kama meseji inafika simuni. Bila karatasi hiyo utakesha ukiisaka swichi ya Kibirizi, kumbe ilikufa tangu wiki iliyopita.