Somo: Kuomba feloshipu ya utafiti chuo cha nje, jibu kwanza "kwa nini huko" kabla hujagusa fomu

Habari zenu wadau. Wiki hizi mbili nimepata meseji nyingi za walimu wenzangu wa vyuo na vijana waliomaliza PhD juzijuzi, wote wanauliza mtu anapataje nafasi ya kwenda kukaa miezi michache chuo cha nje anafanya utafiti wake halafu anarudi kazini, nimeona nijibu hapa mara moja tusaidiane. Mimi nafundisha fasihi ya Kiswahili. Nilikaa London miezi mitatu nasoma miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ila kabla ya hapo nilikataliwa mara mbili sehemu nyingine, na nikiyasoma yale maombi yangu ya mwanzo naona kabisa kwa nini walinikataa. Kwa hiyo nitakayosema mengine nimeyajua kwa kuumia.

HATUA YA KWANZA: jua unaomba kitu gani. Jina ni moja lakini vitu ni viwili tofauti. Kuna feloshipu yenye hela ndani yake, yaani tiketi, pa kulala na posho, na kuna ile ya kuwa mtafiti mgeni tu ambapo chuo kinakupa meza, kadi ya maktaba na imeili ya chuo, nauli na kula yako utajijua mwenyewe, na vyuo vingine vinakutoza kabisa ada ya kukaa pale. Watu wengi wanapokea barua ya mwaliko wanafurahi wanatangaza kwa ndugu, kumbe ni hii ya pili. Sisemi ni mbaya, unaweza kuchukua mwaliko wa chuo kimoja ukaombea hela mfuko mwingine, ila ujue mapema umeshika ipi.

Zenye hela ambazo msomi wa Afrika anaweza kuanza kuzichungulia: Leiden kule Uholanzi kuna African Studies Centre, kituo cha tangu 1947 chenye maktaba kubwa sana ya mambo ya Afrika, Uppsala Sweden kuna Nordic Africa Institute ya tangu 1962, Marekani kuna Fulbright, ufadhili wa serikali yao, ile ya watafiti wa Afrika ambayo ni ya miezi 3 mpaka 9, na Ujerumani kuna Georg Forster ya shirika la Humboldt. Masharti soma kwenye tovuti zao zenyewe, usitegemee picha za matangazo zinazozunguka WhatsApp, nyingi zina tarehe za miaka iliyopita.

HATUA YA PILI: kwa nini huko. Hapa ndipo pana shughuli, naomba mnivumilie nitaongea sana.

Ombi langu la kwanza niliandika nataka kwenda "kupata uzoefu wa kimataifa na kubadilishana mawazo na wasomi mashuhuri". Kila mtu anaandika hivyo. Jopo la wanaochagua likisoma linaona mtu anayetaka safari. Swali lao ni dogo tu, kuna nini hapa kwetu ambacho huko kwako hakipo, na ukikaa nacho wiki 12 utatoka na nini?

Sasa kwangu jibu lilitakiwa liwe rahisi, maana miswada yetu mingi ya pwani iko kule. Maktaba ya SOAS, chuo cha London cha mambo ya Afrika na Asia, ina makaratasi ya W. E. Taylor, yule mmishonari aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 akakusanya mashairi, ina na ya William Hichens na ya Jan Knappert, wasomi wengine wa ushairi wa Kiswahili. Nikaandika hivyo nikadhani nimemaliza. Mama mmoja ambaye ni profesa wangu wa siku nyingi akasoma akaniuliza, mwanangu, mbona miswada mingi wameshaipiga picha wameiweka mtandaoni, si utaisomea hapa hapa ofisini kwako? Nikakosa jibu. Nilikaa na hilo swali kama siku tatu, na lile swali ndilo lililonipa feloshipu, nasema ukweli.

Kwa sababu nilirudi kwenye zile picha nikajiuliza nini sikioni. Nikaona sioni karatasi. Picha inakuonyesha maneno, haikuonyeshi alama ya maji, ile inayoonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga, na hiyo ndiyo inayosaidia kukisia karatasi ilitengenezwa wapi na miaka gani. Sioni pale wino ulipobadilika mkono wa pili ulipoingia kusahihisha. Sioni ukurasa ulioshonwa baadaye. Tenzi nyingi hazina tarehe ya kunakiliwa, kwa hiyo karatasi yenyewe ni shahidi, na shahidi huyo yuko London, sio kwenye skrini. Nikaandika hayo, aya moja tu, nikataja namba za miswada saba ninayotaka kuishika. Hiyo aya ndiyo waliyoniuliza kwenye mahojiano, karibu mahojiano yote yalikuwa juu ya hiyo aya.

Wewe unaweza usiwe mtu wa miswada. Inaweza kuwa mashine ya maabara, inaweza kuwa sampuli za mimea zilizochukuliwa Usambara enzi za Mjerumani, inaweza kuwa mtu mmoja anayejua mbinu ya kuchambua data ambayo huku hakuna wa kukufundisha. Iwe kitu kinachotajika kwa jina. Ukishindwa kukitaja, bado hujawa tayari kuomba, endelea kusoma kwanza.

HATUA YA TATU: mtafute mwenyeji. Programu nyingi zinataka barua ya mtu wa pale anayekubali kukupokea. Imeili ya kwanza iwe fupi. Niliwahi kuandika imeili ya kurasa mbili, nilianza na historia yangu tangu shule ya msingi, sikujibiwa. Iliyojibiwa ilikuwa hivi kwa ufupi: mimi ni fulani nafundisha chuo fulani, nimesoma makala yako kuhusu jambo hili na nina swali juu ya kile unachosema kuhusu wanakili, ninao ushahidi wa upande wa Tanga unaoenda tofauti kidogo, naomba kuja miezi mitatu kuangalia miswada hii, hela naomba kwenye mfuko huu ambao dedilaini yake ni tarehe hii, je utakubali kuwa mwenyeji wangu? Nimeambatanisha ukurasa mmoja. Basi. Alijibu baada ya siku nne, na alijibu lile swali kwanza, mwaliko ukafuata.

Tumia imeili ya chuo chako kama inafanya kazi. Na usitume imeili moja kwa watu kumi wa idara moja, wanakunywa chai pamoja wale.

HATUA YA NNE: andiko, CV na bajeti. Andiko, yaani maelezo ya utafiti unaotaka kufanya, lisizidi urefu waliosema. Ratiba iwe ya wiki kwa wiki na iwe ya mtu anayelala, ukiandika utasoma miswada 40 na kuandika kitabu kwa wiki 12 hawakuamini. CV weka machapisho juu, jisajili ORCID, ile namba ya kumtambulisha mtafiti mtandaoni, ni bure. Yale majarida yanayochapisha kila kitu kwa malipo ndani ya wiki yaache nje, wanayajua.

HATUA YA TANO: barua za nyumbani. Wadhamini wako wawili au watatu, yaani watakaokuandikia barua za kukupendekeza, wape wiki nne, wape na andiko lako waisome kazi yenyewe, sio unampigia Profesa usiku wa dedilaini. Halafu mwajiri. Unahitaji barua inayosema umeajiriwa, umepewa ruhusa kuanzia tarehe fulani, mshahara unaendelea au hauendelei, na utarudi kwenye nafasi yako. Kama ni mtumishi wa umma kuna na kibali cha safari ya nje, hicho anza kukifuatilia siku ile ile ukipata jibu, kwa sababu faili linapita meza nyingi na kila meza ina mtu ambaye kasafiri kikazi. Mimi la kwangu lilikaa ofisi moja siku 19, likitafutwa linakutwa chini ya faili jingine.

HATUA YA SITA: viza. Sasa swali linageuka. Jopo lilikuuliza kwa nini uende, ubalozi unataka kujua kwa nini utarudi, na ile barua ya mwajiri inajibu yote mawili.

Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, kama Uholanzi, Sweden na Ujerumani, viza ya muda mfupi ni siku 90 ndani ya siku 180. Ukizidisha hapo ni viza ya aina nyingine na mwenyeji lazima ahusike. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, ila ukisubiri hizo 15 unajitafutia presha ya bure. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, LAKINI sheria yao ya viza inasamehe hiyo ada kwa mtafiti anayekwenda kufanya utafiti wa kisayansi, wengi hawalijui hili wanalipa tu. Nenda na barua ya mwaliko inayotaja neno utafiti waziwazi na uulize dirishani kwa upole. Kile kituo kinachopokea maombi kinaweza kukutoza gharama yake ya huduma, hiyo ni kitu kingine.

Uingereza ni sheria zao wenyewe. Kama bado umeajiriwa huku na unakwenda kufanya utafiti wako, kuna njia ya mgeni msomi, na msomi anaweza kupewa mpaka miezi 12, ikizidi miezi 6 unapimwa kifua kikuu kabla ya kuomba. Kama chuo cha kule ndicho kinakulipa, muulize mwenyeji wako mapema ni viza gani, maana hapo chuo kinaweza kutakiwa kukutolea cheti cha udhamini na hicho kinachukua muda wake. Nyaraka yoyote ya Kiswahili tafsiri kwa mtafsiri anayetambulika, hata cheti cha ndoa.

Kwa hesabu yangu anza mwaka mzima kabla. Haya, maswali.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanza: Shikamoo mwalimu. Mimi PhD bado, niko mwaka wa pili. Nisubiri tu?

Jibu: Marahaba. Nyingi ya hizo nilizotaja zinataka uwe umemaliza, usipoteze muda nazo sasa. Ila angalia Commonwealth Split-site, ile ni ya mwanafunzi wa PhD aliyesajiliwa chuo cha nyumbani anakwenda Uingereza mpaka miezi 12 kisha anarudi kumaliza kwake. Ongea na msimamizi wako leo, ni lazima uwe na msimamizi pande zote mbili.

Mdau wa Mombasa: Dada, profesa nimemwandikia wiki ya tatu hii kimya. Nimfanyeje?

Jibu: Mkumbushe mara moja, mistari miwili, chini ya imeili ile ile ya zamani. Kimya kikiendelea wiki moja nyingine, tafuta mwingine, tena bila kinyongo. Kama uliandika Julai au Agosti ujue Ulaya watu wako likizo, hapo mpe mpaka Septemba.

Mdau wa Lubumbashi: Mimi kazi yangu ni historia ya wafanyakazi wa migodi, nimesoma kwa Kifaransa yote. Kiingereza changu ni cha kubahatisha, hii mambo inanihusu kweli?

Jibu: Inakuhusu sana kaka, na wewe "kwa nini huko" yako iko Ubelgiji. Makumbusho ya Tervuren yana nyaraka nyingi za Kongo ya ukoloni na wanapokea watafiti kutoka Afrika, na Kifaransa hapo hakikuangushi. Andika ni mafaili yapi unayataka, usiseme nyaraka za ukoloni kwa ujumla.

Mdau wa Nairobi: Nikienda na Fulbright halafu nikapata kazi huko huko, naruhusiwa kubaki?

Jibu: Hapana. Viza yake ni J-1, ile ya wageni wa programu za kubadilishana, na kwa Fulbright inakuja na sharti la kurudi na kukaa nchini kwako jumla ya miaka 2 kabla hujaweza kuomba viza za kazi kama H au ukaazi wa kudumu. Kama lengo lako ni kuhama, usichukue nafasi hii, tafuta njia ya kazi moja kwa moja. Sisemi kwa ubaya, ila kila anayetoroka anamharibia barua mwenzake wa idara hiyo hiyo mwaka unaofuata.

Mdau wa Morogoro: Mimi nina mtoto wa miezi minane bado ananyonya. Naweza kwenda naye?

Jibu: Mamii, unaweza kuuliza na usione aibu kuuliza. Posho mara nyingi imepigiwa hesabu ya mtu mmoja, mtoto anaombewa viza yake na bima yake, na wengine wana chumba cha mtu mmoja tu. Waandikie baada ya kupata, sio kabla. Rafiki yangu aliomba kusogeza miezi sita mbele mpaka mtoto aache ziwa na wakamkubalia bila maneno.

Mdau wa Dodoma: Nimetumiwa barua nimepata feloshipu Canada nilipe dola 250 za usajili. Sikumbuki kuomba.

Jibu: Usilipe. Feloshipu ya kweli huwezi kupata bila kuomba. Angalia imeili imetoka wapi, kisha ingia mwenyewe tovuti ya hicho chuo, chukua anuani ya idara hapo, waulize.

Mdau wa Tanga: Mwalimu hujamalizia. Hiyo karatasi ulipoiinua uliona nini?

Jibu: Kwenye maktaba zile unaruhusiwa penseli tu, mkoba unaacha nje, na mswada unauweka juu ya mto wa povu usivunjike mgongo. Nikamwomba mhudumu taa ile bapa, akaja akaiingiza chini ya ukurasa taratibu. Ikatokea alama ya maji, michoro mitatu ya mwezi mchanga wa angani, imejipanga mstari mmoja toka mkubwa mpaka mdogo. Ni alama ya karatasi za Italia, zilikuwa zinatengenezwa kwa kuuzwa nchi za Mashariki na zikafika mpaka pwani yetu. Kwenye picha ya mtandaoni ukurasa ule ule ni mweupe tu. Nilihesabu kurasa zote, na kuanzia ukurasa wa 31 ile miezi inapotea, karatasi ni nyingine, na mwandiko nao unabadilika hapo hapo.