Somo: Buti la sivi jointi linavuja, na Jumamosi tunaenda Dar

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara kadhaa, naliandika hapa ili tulipate wote.

Buti ni ule mpira mweusi wa mikunjo unaofunika sivi jointi, yaani kiungo kinachoiwezesha shafti kuzungusha tairi hata likikata kona. Viungo hivi viko kwenye ncha za shafti inayozungusha tairi la mbele: jointi ya nje upande wa tairi, ya ndani upande wa giaboksi. Linashika grisi ndani na kuzuia uchafu nje. Likichanika, tairi linapozunguka grisi yote inarushwa, na mchanga wetu wa njia za mashambani unaingia. Huo ni msasa. Mwaka juzi gari la dada yangu lilikuwa na ufa mdogo tu, tukasema tutashughulikia tukifika Dar. Tulipokaribia Somanga likaanza kugonga. Tulilala pale tukisubiri shafti iletwe na basi, watoto wakiwa garini.

1. Kagua mapema, angalau siku nne kabla ya safari. Kata usukani hadi mwisho, chungulia nyuma ya tairi kwa tochi, kisha kata upande wa pili. Panua mikunjo kwa vidole, maana nyufa hujificha ndani ya mikunjo. Grisi nyeusi iliyorushwa ndani ya rimu na kwenye shokapu ni ushahidi tosha.

2. Hakikisha ni grisi. Grisi ya buti ni nzito na inanata. Kama ni oili nyepesi inayodondoka pale shafti inapoingia kwenye giaboksi, tatizo ni oili sili, mpira unaozuia oili isivuje. Ukikuta majimaji membamba kwenye tairi lenyewe, huenda ni breki: gari lisitoke hapo.

3. Sikiliza. Nenda uwanja ulio wazi, kata usukani wote, zunguka polepole kulia, kisha kushoto. Ukisikia ka-ka-ka inayoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, jointi imeshalika. Usinunue buti, badilisha jointi au shafti nzima. Kama kuko kimya, buti na grisi mpya vinatosha.

4. Kuchomoa. Legeza nati ya habu (kitovu kinachoshika tairi) gari likiwa bado chini, mwenzako amekanyaga breki. Kwa Toyota nyingi ndogo ni soketi ya 30. Ndipo upige jeki na kuweka stendi. Matofali yanapasuka ghafla, usilale chini ya gari lililowekwa juu yake. Fungua bol jointi ya chini (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika habu kwa chini), vuta habu nje, sukuma shafti itoke. Ikigoma, gonga kwa kipande cha mbao, nyundo isiguse nyuzi. Upande wa giaboksi weka beseni, oili itamwagika kidogo, nawe utairudishia.

Hapa ndipo mafundi wengi huharibu. Kwenye Toyota nyingi jointi ya nje haichomolewi kwenye shafti. Watu huipiga nyundo hadi inapata mikwaruzo. Fungua jointi ya ndani, yenye rola tatu, weka alama ya rangi ili irudi ilivyokuwa, toa ringi yake, kisha ingiza buti la nje kutokea upande huo. Funga selotepu kwenye meno ya shafti yasichane mpira mpya.

5. Kusafisha na kufunga. Osha jointi ya nje kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa, kisha pitisha kidole kwenye njia za gololi. Ukihisi shimo, rudi hatua ya tatu. Weka grisi yote ya pakiti, nyingi iingie ndani ya jointi yenyewe. Kabla ya kukaza klipu, inua ukingo wa buti kidogo hewa itoke, la sivyo litajikunja vibaya. Nati ya habu ikazwe kwa spana ya kipimo: Vitz na IST nyingi ni 216 Nm. Kama nati ni ya kugongwa ukingo ili isilegee, weka mpya. Kama ni ya pini, weka pini mpya.

Maswali ya wanachama

*Masasi:* Shikamoo fundi. Nikizungushia mpira wa tyubu je?

Marahaba. Utakufikisha kwa fundi, hautakufikisha Dar. Tena mchanga ulioingia tayari unaufungia ndani.

*Lindi:* Dukani wameniuzia grisi ya beringi, wanasema ni ileile.

Si ileile, dada yangu. Jointi inataka ile nyeusi yenye molibdeni, inayokuja pamoja na buti. Irudishe.

*Mikindani:* Langu halilii kwenye kona, ila nikikanyaga mafuta linatetemeka.

Anza na jointi ya ndani, rola zake huenda zimelika. Kagua na mounti za injini (mipira inayoishikilia) kabla hujanunua kitu.

*Newala:* Shafti ya mtumba inafaa?

Inafaa ukiichagua vizuri. Hesabu meno ya ncha zote mbili na ya ringi ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) kama ipo, yalingane na yako. Shika jointi uizungushe mbele na nyuma, isiwe na mchezo. Mabuti yake weka mapya, ya zamani yamekaa muda mrefu.

*Nangurukuru:* Kaka, mimi niko njiani sasa hivi. Buti limechanika leo, halijaanza kulia. Nirudi?

Usirudi, lami ya kwenda Kibiti ni kavu leo. Futa, funga tyubu kwa muda, epuka maji na kifusi, usikate kona kwa nguvu. Ukivuka Daraja la Mkapa simama, zunguka polepole, sikiliza. Likilia, tafuta fundi Kibiti, usilazimishe. Nipo macho, nitumie picha.